Viti vya Taher Having'oki

Kwa Taher Rajabali, pale Mkuyuni, mteja hakuulizwa kama anataka viti vizuri. Aliulizwa anataka vingapi. Miaka nenda rudi mabasi yalipanda kilima cha karakana yake matupu, sakafu bati jeupe, yakashuka yamejaa viti, na wenye mabasi walishuka wanatamba kana kwamba wao ndio waliochomelea. "Viti vya Taher having'oki," watu walisema mji mzima, kuanzia Buzuruga hadi Mkolani, na Taher hakuwahi kumkatiza mtu aliyekuwa anayasema maneno hayo. Amkatize kwa nini? Kusifiwa kunampendeza kila mtu, na anayekwambia hakumpendezi anakudanganya.

Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu, ambayo vumbi la chuma lilishaigeuza rangi ya chai, na hasira zake zilikaa karibu sana na ulimi. Kiti kilikuwa hakitoki karakanani kwake bila kupita mkononi mwake. Alikuwa anachuchumaa, anafumba macho, anapitisha kidole gumba pale mguu wa kiti unapoungana na kisahani cha chuma kinachofungwa sakafuni kwa bolti. Akigusa hata kidonge kidogo cha mshono wa kuchomelea, kiti kinarudi kwa Shimba, fundi wa grenda, kinasagwa mpaka mshono wenyewe haujulikani ulipo. Ndipo kinapigwa rangi.

Hilo alilirithi kwa marehemu baba yake, ambaye hakutengeneza viti vya mabasi hata siku moja. Mzee Rajabali alikuwa fundi wa vitanda vya chuma, vitanda vilivyokuwa vinasafirishwa kwa meli mpaka Bukoba. Sasa kitanda chenye mshono wa madongedonge kinachana neti, na kwa mbu wa ziwa hili, mtu neti yake ikichanika hamtaki tena fundi wake hata kwa salamu. Kwa hiyo pale kwa Rajabali mshono ulikuwa ni kitu cha kufichwa. Mwana akakulia humo, akahama kutoka vitanda kwenda viti, na grenda akahama nayo.

Halafu ikatokea ajali ya Mkolani.

Basi la shule lilikuwa linashuka mteremko asubuhi, watoto ndani, dereva wake mtu mmoja anaitwa Luhende. Luhende huyu alikuwa mwangalifu mpaka anachosha. Walimu walikuwa wanamtania kwamba akiendesha yeye hata kuku wanaovuka barabara wanapata nafasi ya kubadili mawazo. Ndiye aliyekuja kwa Taher kusimamia viti vya basi lile vikitengenezwa, na ndiye aliyeng'ang'ania kila kiti kiwe na mkanda, wakati wenye shule wanasema mikanda ni mbwembwe. Asubuhi hiyo bodaboda ikachomoka kichochoroni. Luhende akakanyaga breki, akakata usukani, bodaboda ikapona, basi likatoka nje ya lami likaupiga mwamba. Na viti viwili vya mbele vikang'oka, vikaruka pamoja na watoto waliofungwa mikanda juu yake. Hakufa mtoto, Mungu mkubwa. Lakini binti mmoja wa darasa la tatu, Kija, alivunjika mguu sehemu mbili.

Mji mzima ulijua la kusema kabla hata basi halijavutwa. Viti vya Taher vimeng'oka? Basi dereva alikuwa anapaa. Hakukuwa na haja ya kupima chochote. Sifa ya viti ndiyo iliyopima.

Na polisi wa trafiki walipokwenda Mkuyuni kumuuliza mwenye viti, Taher alijibu amesimama, mkono kiunoni. Alisema kiti chake hakiwezi kung'oka chini ya kilomita tisini kwa saa, na aliyewaambia vingine akatafute fundi wa stuli. Yakaandikwa hivyohivyo, akasaini. Luhende akalala mahabusu siku kadhaa, akatoka kwa dhamana, leseni imechukuliwa, kesi inamsubiri. Ikithibitika alikuwa anakimbiza watoto, ni jela, na akitoka jela hakuna atakayempa hata toroli asukume.

Taher alisikitika, msidhani hakusikitika. Alimpenda Luhende. Alisema mezani, mbele ya binti yake Zahabia, kwamba watu wanabadilika, na kwamba pengine siku hiyo jamaa alichelewa kuamka. Zahabia, ambaye alikuwa anafundisha uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja cha ufundi pale mjini, alimwangalia baba yake kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekosea hesabu. Taher hakupenda kuangaliwa vile.

Baada ya wiki mbili akaja Inspekta Prudencia Muganyizi. Kazi yake ilikuwa kuchora ajali upya: gari lilitoka wapi, lilianzia wapi kufunga breki, lilipiga nini na kwa nguvu gani. Mzaliwa wa Kagera, na kama utani wa mji unavyosema juu ya watu wa huko, hakuwa na shida kukujulisha kwamba amesoma. Alimwamkia Taher shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa chai ya tangawizi, akainywa yote kabla ya kusema lililomleta. Alikuwa amepima alama za matairi kwenye lami mara mbili, akapima na jinsi bampa lilivyobonyea. Kwa alama zile Luhende hakufika hata hamsini, na alipougusa mwamba alikuwa ameshapunguza hadi mwendo wa baiskeli inayoteremka.

"Mzee Taher, barabara inasema huyu alikuwa taratibu," alisema. "Viti vyako vinasema alikuwa mbio. Mmoja ananidanganya, na barabara haina jina la kulinda."

Eeh, hapo ndipo ungemjua Taher. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimuuliza kama anajua viti vyake vimebeba wabunge, maaskofu na maharusi. Alimuuliza kama Kagera kuna chuo kinachofundisha barabara kuzungumza. Shimba akazima grenda ili asikie vizuri, akafokewa awashe. Prudencia alisubiri mvua ile ikatike, akasema kwa upole kwamba Jumatatu analazimika kupeleka ripoti, na kwamba maneno ya fundi mkubwa yakikaa upande mmoja na michoro yake upande wa pili, anajua mahakama itamwamini nani.

Zahabia alikuwa amekuja kula chakula cha mchana, akayasikia yote mlangoni. Akasema kuna njia ya kuacha kubishana. Wachukue kiti, wakipigize mwamba kwa mwendo uleule uliopimwa barabarani, waone.

Taher alikubali palepale. Alikubali kwa kiburi, tena kwa furaha, kama mtu aliyealikwa kwenye mashindano ambayo kikombe chake kiko nyumbani tayari.

Karakana za Mkuyuni nyingi zimekaa mteremkoni, na nyuma ya ile ya Taher kulikuwa na mwamba mkubwa kuliko nyumba, ambao kila mpangaji aliyewahi kupita hapo aliulaani kwa kumlia nafasi. Siku ya jaribio ulipata kazi. Mafundi walikata kipande cha sakafu ya basi lililokufa, wakakifunga magurudumu, wakalaza vyuma viwili chini ili kisipotee njia, wakakivuta juu kwa waya wa winchi. Zahabia alichora mistari miwili ya rangi ardhini karibu na mwamba na kusimamisha simu yake kwenye tofali, irekodi video, ili wajue mwendo kamili pale sakafu inapopita. Mwanzoni walikishusha kitupu, wakakipandisha, wakakishusha, mpaka wakapata urefu wa mteremko unaotoa mwendo wa Luhende. Watoto wa mtaani walijaa juu ya mawe ya jirani kutazama, na mama mmoja muuza maandazi alihamishia biashara huko.

Viti viwili vya kujaribiwa Taher alivichomelea kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie fundi. Cha kwanza Shimba alikisaga kikawa laini. Taher akafumba macho, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Cha pili ndiyo kwanza kinapelekwa kwenye grenda, umeme ukakatika.

Walisubiri. Umeme haukurudi. Prudencia alitazama saa. Taher alisema kiti kile hakitoki, hakijawa kiti bado, atakuwa kichekesho mbele ya watu. Zahabia akamkumbusha kwamba ni mfuko wa mchanga utakaokikalia, si bibi harusi. Basi kikafungwa upande wa kushoto na chenzake laini upande wa kulia, na Taher akatafuta gunia akaifunika miguu ya kile kibaya, maana madonge ya mshono yalikuwa yamesimama nje kama upele na yeye hakuweza kuyavumilia. Kwenye kila kiti wakafunga kwa mkanda mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Uzito huo Prudencia aliutaja bila kuangalia popote, na hakuna aliyeuliza ameupata kwa nani.

Waya ukaachiwa. Sakafu ile ilishuka bila haraka ya kutisha, kweli kabisa mwendo wa baiskeli, na Taher akaanza kutabasamu. Halafu ikagonga mwamba.

Vumbi lilipotulia, mfuko mmoja ulikuwa umekaa kwenye kiti chake, umeinama kidogo tu. Mwingine ulikuwa umepasuka chini ya mwamba, na kiti juu yake, miguu juu. Ni kile laini. Visahani vyake vilibaki vimefungwa sakafuni na bolti zote nne nne, ving'avu, kana kwamba hakuna mguu uliowahi kushikana navyo.

Hakuna aliyecheka. Taher alisema upande wa kulia uligonga kwanza. Alisema tena kwa sauti kubwa zaidi. Zahabia hakumbishia, alisema tu warudie. Umeme uliporudi alasiri Taher akachomelea viti vingine viwili, Shimba akasaga kimoja, wakavibadilisha upande, laini kushoto, cha madonge kulia, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyeachia waya. Kikang'oka laini. Kile cha madonge kikakaa.

Akapiga magoti chini, kofia imemteleza, akaanza kupapasa. Kwenye kiti kilichobaki kidole chake kilipita juu ya mshono wote, mnene, umekumbatia mguu na kisahani pamoja. Kwenye kisahani kilichoachwa alikuta utepe mwembamba wa chuma, mwembamba wa aibu. Kumbe kilichokuwa kinashika ndicho alichokuwa anamlipa Shimba akisage. Akakumbuka vitanda vya baba yake. Vilikuwa vitanda imara kweli, lakini kitanda hakiendi popote. Kitanda hakigongi mwamba. Taher alihisi amekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni, pale mbele ya mafundi wake, na machozi yakamtoka akaacha yatoke.

"Shimba," alisema, bado yuko chini, "zima grenda."

Grenda ilikuwa imezimwa saa nzima iliyopita. Shimba akaitikia hata hivyo, akaenda akachomoa waya ukutani.

Usiku ule hakulala vizuri, na asiyelala hukosa adabu na mawazo yake. Yalimjia mawazo ya kila aina. Kwamba anaweza kunyamaza. Kwamba kuanzia kesho atachomelea mishono minene, na vile vya zamani avifuate kimyakimya, basi moja moja, aseme anabadilisha vitambaa. Kwamba Prudencia ana michoro yake ya barabarani, na pengine hiyo inatosha kumtoa Luhende bila jina la Rajabali kuguswa. Pengine. Lakini sahihi yake ilikuwa kwenye faili lilelile, chini ya zile kilomita tisini, na alijua jinsi mji huu unavyoliheshimu neno lake. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote ili uliheshimu. Kijana wa watu angekwenda jela akiwa amefungwa na sifa ya viti. Kulipokucha hakunywa chai. Alimwomba Zahabia wafuatane.

Ilikuwa Jumatatu, na Luhende naye alikuwa pale ofisi ya trafiki, maana dhamana ilimtaka aripoti. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, shati limepigwa pasi, amekonda. Alipomwona Taher akainuka, akasema shikamoo mzee, kwa heshima zilezile za siku zote, na hiyo ndiyo iliyomchoma Taher kuliko kama angetukanwa. Prudencia akawaita wote ndani.

Taher hakukaa. Alisema amekuja kufuta maneno yake. Alieleza habari ya mwamba na viti vinne, akaeleza grenda, akaeleza hadi neti za vitanda, ingawa hakuna aliyeuliza neti. Alisema kiti chake kinang'oka kwa mwendo wa baiskeli, na kwamba si kimoja, ni vyote vilivyosagwa, na iandikwe hivyo kwa jina lake kamili. Prudencia aliandika. Zahabia aliweka mezani simu yenye video na kile kisahani king'avu.

Kisha Taher akamgeukia Luhende. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, mazuri tu, yakamkimbia yote. Akasema, "Hukukimbia, mwanangu. Nilikusingizia."

Luhende aliangalia mikono yake.

"Mzee, mimi mwenyewe nilishaanza kuamini," alisema. "Nilikuwa nasema viti vya Taher having'oki, basi lazima nilikimbia na sikujua. Nimekwenda mpaka hospitali, nikapiga magoti kwa mama yake Kija, nikamwambia nisamehe, nilikimbia. Nimemwambia hivyo na mke wangu. Watoto wangu wananiona muuaji aliyekosa bahati."

Akalia. Mtu mzima, mbele ya inspekta, analia kwa kwikwi. Taher akamkumbatia, mfupi alivyokuwa, kofia yake ikagota kidevuni mwa yule mrefu. Prudencia akapata ghafla shughuli dirishani, akilitazama ziwa kama ndiyo kwanza limeletwa.

Mambo ya ofisi yana mwendo wake, lakini haya hayakukawia sana. Kesi ilifutwa, leseni ikarudi. Taher alikwenda redioni mwenyewe, akatangaza kwamba basi lolote lenye viti vyake lisipakie mtu mpaka lipite Mkuyuni, na atavichomelea upya vyote bila kumdai mtu. Wapo waliomtukana, wengine wana haki. Mama yake Kija alimwambia maneno mazito na yeye akayasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Lakini mabasi yalikuja. Yalipanga foleni mpaka chini barabarani, na Shimba, mkono umezoea grenda, akajifunza upya kuuachia mshono unene wake. Kija akatolewa plasta akaanza kujaribu mguu kwa gongo, na daktari akasema kwa umri ule utaunga ukawa mzima.

Shule ya Mkolani ilikuwa na basi la pili, lenye viti vilevile vilivyosagwa. Siku ya kulipeleka karakanani Luhende ndiye aliyepaswa kuliendesha. Taher alikuwa amekuja shuleni kuhakikisha halipandi mtoto wala mwalimu. Alimkuta dereva amekaa nyuma ya usukani, ufunguo mkononi, hajawasha. Walimu walikuwa wanamtazama kutoka barazani, na hakuna aliyethubutu utani wa kuku. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa hapo tangu ajali, na mguu wake ulikuwa umeikanyaga breki mpaka mwisho, wakati gari halijawashwa.

Taher alifungua mlango, akapanda. Akaenda kiti cha mbele kabisa, akakaa, akauvuta mkanda akaufunga.

"Mzee, shuka," Luhende alisema. "Hicho ni kimojawapo. Umetangaza mwenyewe asipande mtu."

"Kiti nakijua, nilikitengeneza mimi," alisema Taher. "Leo sijakitegemea hicho. Nimekutegemea wewe. Endesha kama siku zote."

Luhende alimtazama kwenye kioo. Kisha akawasha gari, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena kushoto, mpaka Taher akaanza kuona wanachelewa, na wakatoka getini polepole kuelekea Mkuyuni.